Mkeka Usio na Kosa

Nchi inayosimuliwa hapa haipo kwenye ramani yoyote, na msomaji akihisi kwamba aliwahi kupanga foleni huko, hiyo ni ndoto tu, aamke anywe maji. Ilikuwa nchi ya watu wakarimu. Mtoto akizaliwa, zawadi. Jirani akihamia, zawadi. Afisa akikaa mezani na faili lako liko chini ya kiwiko chake, zawadi. Hakuna aliyelalamika isipokuwa wale wasio na cha kutoa, na kwa hao halikuwekwa dirisha la malalamiko.

Mambo yaliharibika siku ya kuzaliwa ya Mlezi wa Taifa. Mlezi alizaliwa mara nne kwa mwaka, kwa kuwa alipendwa. Katika kuzaliwa kwake kwa tatu, wazee wa mkoa mmoja walimletea kikapu wakasema kimesukwa na akina mama wa kijijini kwao. Mlezi akakigeuza mbele ya kamera. Chini kulikuwa na karatasi ndogo ya gundi, yenye jina la kiwanda cha nchi ya mbali na onyo kwamba watoto wadogo wasiimeze. Mlezi alitoa chozi moja, jicho la kulia, na picha ya chozi hilo ikabandikwa katika ofisi zote za umma.

Wiki iliyofuata ikapita Sheria ya Zawadi. Kuanzia sasa, ilisema, zawadi yoyote itakayotolewa ndani ya mipaka ya nchi itakuwa kazi ya mkono, itatoka kwa fundi mdogo, itakuwa rafiki wa mazingira, na itatolewa kwa mawazo. Ilikuwa sheria nzuri. Hata wapinzani walikiri kwamba ni nzuri, na hapo ndipo watu walipoanza kuishuku.

Shida ilikuwa kwamba sheria iliandikwa na wanaojua maneno, ikakabidhiwa kwa wanaojua mihuri. Kwenye "fundi mdogo" wakaguzi waliweka fimbo ukutani, na fundi yeyote aliyepita alama ya fimbo aliambiwa kwamba yeye ni fundi mkubwa na alipe kodi za wakubwa. Wahunzi warefu walionekana wakitembea mjini wamekunja magoti. Na kwa kuwa kanuni ziliongeza kwamba kazi halisi ya mkono hutambulika kwa kosa lake, viwanda vya mbali vikaanza kuleta vikapu vyenye makosa matatu matatu, yote mahali palepale. Hivyo vilipita bila kuulizwa.

Pandu Vuai, fundi baiskeli wa mtaa wa Kisimani, hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Kwa miaka arobaini alinyoosha rimu za watu, na aliamini kwamba kila kilichopinda, hata serikali, kinaweza kunyooshwa ukikipa muda. Mkewe, Bi Mize, alikuwa msukaji wa mikeka. Alisuka ukili wa ukindu, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka, na wanawake wa mitaa mitatu walimletea mabinti zao wamtazame tu. Bi Mize alikuwa amefariki. Arubaini yake ilisomwa Jumapili.

Aliacha mkeka mmoja, aliomsukia binti yao Kazija, ambaye harusi yake ilipangwa Ijumaa. Kabla sauti haijamwisha alisema mambo mawili: harusi isisogezwe, na mkeka wake utandikwe. La kwanza Pandu alilitimiza kwa kugombana na ndugu wa pande zote mbili. La pili alidhani ni jepesi.

Aliukunja mkeka akaupeleka Wizara ya Zawadi kuuandikisha, maana zawadi ya harusi isiyo na cheti ilichukuliwa na mgambo mlangoni, na bwana harusi aliitwa kutoa ushahidi. Siku ya tatu wakamwita. Aliukuta mkeka umefungwa utepe mwekundu uliobanwa kwa sindano ya kushonea, wenye neno moja kubwa: UNASHUKIWA.

"Unashukiwa nini?" aliuliza Pandu.

"Hauna kosa," alijibu bwana wa mapokezi.

"Sasa kama hauna kosa, si niuchukue?"

Bwana wa mapokezi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyehudhuria semina. Alimweleza kwamba mkono ni wa binadamu na binadamu hukosea. Wakaguzi watatu walikuwa wamepekua mkeka ule ukili kwa ukili, kwa lenzi, na mmoja wao sasa anavaa miwani. Hawakuona kosa. Kwa hiyo mkeka umetoka kiwandani. Kosa lisipoonyeshwa kabla ya Alhamisi saa sita mchana, utarejeshwa kiwandani.

"Kiwanda gani, baba?"

"Hilo ndilo linalochunguzwa. Utarejeshwa kwanza, kiwanda kitajulikana baadaye."

Alhamisi asubuhi, saa moja na nusu, Pandu alikuwa kwenye foleni ya Wizara. Mbele yake alisimama mtu aliyekunja magoti ndani ya kanzu, amebeba mtungi. Pandu alimtambua kwa kisogo. Alikuwa Silima, mfinyanzi, mtu ambaye kwa kawaida hugonga kichwa kwenye kila mlango wa mtaa.

"Silima! Umeanza lini kuumwa magoti?"

"Nyamaza, Mzee Pandu. Mimi fundi mdogo."

"Mdogo wewe? Mwezi uliopita si ulinitolea mwanasesere wa mtoto wa jirani juu ya paa bila ngazi?"

"Huyo alikuwa kaka yangu," alisema Silima, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara. "Umekuja na nini?"

"Mkeka wa Mama Kazija. Wanasema hauna kosa. Saa sita unarudi kiwandani."

Silima alikunja magoti zaidi, mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la Pandu. "Mwaka jana niliwaletea mtungi. Kazi ya maisha yangu, ule. Wakaupapasa, wakaugonga, wakasema hauna kosa, unarudi kiwandani. Nikasema haya. Juzi natazama taarifa ya habari. Mlezi anapokea balozi. Nyuma yake, mkono wa kushoto, juu ya meza yenye kitambaa, unajua kuna nini?"

"Mtungi."

"Mtungi wangu! Na ua la plastiki ndani yake." Silima aliuhamishia mtungi kwenye kwapa la pili. "Tangu sheria imeanza, Mzee Pandu, wewe umewahi kuona meli hata moja inayopakia vitu kurudi huko kiwandani? Vitu vibovu tunaachiwa sisi. Visivyo na kosa vinatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye gari lenye pazia."

"Na huu wa leo?"

"Huu nimeukwaruza mwenyewe kabla haujaingia kwenye tanuri. Nilifumba macho kwanza."

Foleni ikasogea. Kwenye dirisha la kwanza karani alitaka kujua marehemu alisuka kwa mkono gani.

"Kwa yote miwili," alisema Pandu.

"Sheria inasema kazi ya mkono, haisemi mikono. Mikono miwili ni ushirika. Ushirika wake umesajiliwa?"

"Mwanangu, ulishamuona nani anasuka kwa mkono mmoja?"

"Mimi sioni watu, mzee, mimi naona fomu." Alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Mwishowe aliandika: mkono wa kulia, ukisaidiwa na ndugu yake asiyelipwa.

Dirisha la pili lilikuwa la urafiki wa mazingira. Pandu alikuwa na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, inayothibitisha kwamba marehemu na mazingira walikuwa marafiki, lakini karani alitaka mashahidi wawili waliowahi kuwaona pamoja. Silima akajitokeza akaapa kwamba alimuona Bi Mize kwenye mikindu mara nyingi, akikata majani ya pembeni na kuacha moyo, na kwamba mikindu haikuonyesha kinyongo. Shahidi wa pili alipatikana nyuma yao, mama mmoja aliyekuwa na haraka, ambaye alisema yeye atathibitisha urafiki wowote ili mradi foleni itembee.

Kwenye dirisha la tatu kulikuwa na mabishano. Kijana aliyepata mtoto wa kwanza alitaka kumpelekea mkewe kawa la kufunikia chakula, zuri, lililosukwa na shangazi yake, na alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Karani alimkatalia. Sheria ilisema zawadi itolewe kwa mawazo, na kijana hakuwa nayo.

"Lakini nimefikiria wiki nzima nimpe nini!"

"Mtu mwenye mawazo tunamjua," alisema karani. "Hali, halali, anashika tama. Wewe unacheka. Nenda nyumbani, ukipata mawazo urudi."

Sasa kijana alianza kulia kweli, na watu wakapaza sauti kwamba agongewe muhuri upesi kabla hajanyamaza. Aligongewa. Ikaja zamu ya Pandu. Karani alinyanyua macho, akayashusha, akayanyanyua tena. Akasimama. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje atazame.

"Mzee, una mawazo tangu lini?"

"Siku arobaini na tatu."

"Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Binti yangu akinisimamia."

"Daraja la kwanza," alisema karani kwa heshima, akagonga muhuri mara mbili. "Hongera sana, mzee. Wengi wanaigiza."

Pandu akasema ahsante.

Chumba cha Kosa kilikuwa mwisho wa ukumbi. Mkaguzi wake aliitwa Bwana Ngwali, Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Makosa ya Mikono, mtu mwenye kucha safi ndefu na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha koti. Mezani pembeni alikaa karani wake, Raya, msichana mkimya anayeandika kila kitu. Mkeka ulikuwa umefunguliwa utepe na kutandazwa sakafuni, zambarau, kijani na rangi ya majani yenyewe, na chumba kizima kilionekana kama kimewekwa pale kwa ajili yake.

Bwana Ngwali alisimama kuhutubia, ingawa walikuwa wanne tu, pamoja na Silima mlangoni.

"Wananchi! Taifa lisilo na kosa halina historia. Kosa ndilo jasho la fundi, kosa ndiyo saini ya maskini! Mlezi wetu mwenyewe, katika unyenyekevu wake, alikuwa tayari kukosea, ila hakupata nafasi. Sasa tunaletewa mkeka huu. Nimeupapasa mimi, kwa vidole hivi vilivyopapasa zawadi elfu sita. Ni laini mno. Umenyooka mno. Ni mzuri kiasi cha kutia wasiwasi. Mzee, una saa mbili. Onyesha kosa, au mkeka urudi ulikotoka."

Kisha alikaa, akaanza kuupima mkeka kwa macho, urefu na upana, kama mtu anayefikiria sebule. Silima alikohoa. Pandu aliyaona macho yale na akaelewa kwamba gari lenye pazia liko nje, linanguruma.

Hata hivyo hakuogopa sana. Alivua viatu akapiga magoti kwenye pindo la kushoto, maana alikuwa na siri ambayo hakumwambia mtu, hata Kazija. Kosa lilikuwepo. Alilifanya yeye.

Mwezi wa mwisho mikono ya Bi Mize ilivimba ikakataa kufunga. Mkeka ulibakiza ukili wa mwisho, shubiri tatu tu. Akawa analala kwa ubavu kitandani, Pandu amekaa chini, na yeye anamwelekeza: jani hili lipite juu, hilo chini, ukunje, usivute kama mnyororo wa baiskeli, Baba Kazija, hilo ni jani. Mwanamume kusuka mkeka, na mtaa ule! Pandu alifunga mlango na dirisha, akasema anatengeneza redio. Alisuka siku tano, kidogo kidogo, kila Bi Mize alipopata nguvu ya kuelekeza. Ukili ulitoka umepinda kama rimu iliyogongwa na lori, na katikati kulikuwa na jani la kijani lililojitokeza mahali pa zambarau, likasimama pale kama mgeni asiyealikwa. Bi Mize aliupapasa ukili wote, taratibu, akasema, "Umesuka vizuri, Baba Kazija." Pandu aliyatunza maneno hayo. Katika siku zile arobaini na tatu yalikuwa karibu chakula chake.

Sasa alipapasa pindo kutafuta jani la kijani. Hakuliona. Akarudi nyuma, akahesabu shubiri, akaanza upya. Ukili wa mwisho ulikuwa umenyooka kama zile nyingine zote. Kila jani lilikuwa juu pa juu, chini pa chini.

"Imebaki saa moja na nusu," alisema Bwana Ngwali.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Pandu naye alishuku. Labda hawa watu wamembadilishia mkeka. Labda wanasema kweli, kuna kiwanda mahali, na kimewadanganya wote. Aliinamisha uso mpaka pua ikagusa ukindu. Hapo akaona. Juu ya majani kulikuwa na vistari hafifu, vimekaa upande, mahali ambapo hakuna mkunjo wowote unaopita. Jani likikunjwa mara moja halisahau. Ile ilikuwa mikunjo yake yeye, mibaya, imelala chini ya mikunjo mipya.

Aliifumua. Mama Kazija alimfumulia kazi yake yote! Lini? Lazima ni ile Jumanne aliyokwenda hospitali kufuata dawa akakaa mpaka alasiri. Kwa mikono ile iliyovimba, ambayo asubuhi ilishindwa kushika kikombe, alifumua shubiri tatu, akazisuka upya, akazishona, akarudi kulala ubavu. Na Pandu aliporudi, mkewe akamuuliza foleni ya dawa ilikuwaje.

"Mwongo wewe," alisema Pandu kwa sauti.

"Unamtukana nani?" aliuliza Bwana Ngwali.

"Mke wangu, mheshimiwa." Akageuka, bado amepiga magoti. "Kosa lilikuwepo. Hapa. Nilisuka mimi, yeye akafumua. Tazama vistari hivi, hii ni mikunjo ya mwanzo."

Bwana Ngwali alikuja na lenzi, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Vistari si kosa. Mashine pia hukunja. Lakini ulichokisema ni kizito. Raya, andika: marehemu alikuta kosa halali, akalifuta, akaharibu ushahidi. Aitwe ajieleze."

"Marehemu aitwe, bosi?"

"Kwa barua ya rejista. Mzee, imebaki saa moja na robo. Nakushauri uage."

Pandu aliweka kiganja juu ya ukili wa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ile. Baada ya hapo haikufanya kitu kingine, haikushika hata sindano. Akiuacha kama ulivyo, mkeka mzima utakwenda na ukili huo, ukalale chini ya viatu vya mabalozi. Na binti yake atakaa kesho kwenye busati la kukodi.

"Babu," alisema Raya kwa sauti ndogo, bila kunyanyua macho kwenye karatasi, "kifungu cha kumi na tisa kinasema kazi ambayo fundi wake amefariki kabla ya kuimaliza, itamaliziwa na mrithi mbele ya mkaguzi."

"Na huu umekwisha," alisema Bwana Ngwali kwa ukali. "Kila mwenye macho anauona umekwisha."

Midomo ya Pandu ilicheza, kama mtu anayeomba radhi kwa mtu aliye karibu sana. Kisha akachukua sindano iliyochomekwa kwenye utepe mwekundu, akaufungua uzi wa pindo, akavuta. Ukili wa Bi Mize ukaachia, jani kwa jani, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alifumua mpaka akafika kwenye alama ya shubiri ya tatu, akasimama hapo kama mtu aliyefika mpakani.

"Sasa haujakwisha," alisema. "Nipeni maji kwenye bakuli. Ukindu mkavu haukubali kukunjwa."

Silima alimimina maji ndani ya mtungi wake uliokwaruzwa akausogeza. Pandu akalowesha majani, akaanza.

"Kosa la makusudi halihesabiki!" alipaza sauti Bwana Ngwali, na sasa alikuwa amesimama kweli, bila hotuba. "Kanuni ya nne! Kosa liwe la moyo safi. Nikikuona unakosea kwa kutaka, nakuweka ndani!"

"Mheshimiwa, sikusudii," alisema Pandu. "Nasuka vizuri kadiri ninavyoweza."

Na ilikuwa kweli. Hakuwahi kutia bidii hivyo maishani mwake. Alitoa ulimi nje kidogo. Alisema peke yake, juu, chini, kunja, usivute. Alifuata vile vistari hafifu alipoviona, na asipoviona alikisia. Jasho lilimdondokea kwenye ukindu. Bwana Ngwali aliinama juu yake akitafuta hila, akatazama vidole vile vinene vya grisi vikikimbizana na majani, na uso wake ukaanza kukata tamaa.

"Anaigiza huyu."

"Haigizi, bosi," alisema Raya. Sasa alikuwa ameacha kuandika. "Bibi yangu alikuwa msukaji. Mtu hawezi kuigiza ubaya wa namna hii."

"Nakushukuru, mwanangu," alisema Pandu, bila kunyanyua kichwa.

"Jani lako la kijani hilo, babu, limetokea kwenye zambarau."

"Wapi?"

"Hapo."

Pandu alilitazama. Alijaribu kulirudisha, kwa moyo safi kabisa, likakataa. Alipomaliza kushona, saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita kasoro dakika moja, na mkeka wa Bi Mize, ulionyooka upande mmoja hadi mwingine, ulikuwa na pindo la kushoto linalokwenda kama mtu anayetoka harusini.

Bwana Ngwali alipapasa mara moja tu. Hakuhitaji lenzi. Alilitazama pindo lile, akautazama mkeka wote, akafikiria ungeonekanaje nyuma ya Mlezi mbele ya balozi, akashusha pumzi kama mtu aliyeibiwa mfukoni.

"Mpe cheti," alimwambia Raya, akavaa koti lake akatoka. Muda mfupi baadaye lilisikika gari likiondoka bila kubeba kitu.

Raya alichukua fomu. "Jina la fundi?"

"Mize binti Haji."

"Mwenye kosa?"

"Pandu Vuai."

"Una uhusiano gani na fundi?"

"Mume wake."

Fomu ya Wizara, kama fomu zote za nchi ile, ilikuwa na mistari mingi na nafasi ndogo. Raya alisita, kalamu hewani, akaandika sehemu isiyokuwa yake, na alipogundua alikuwa ameshagonga muhuri. Alitaka kurarua aanze upya. Pandu akamzuia mkono.

Ijumaa alfajiri mkeka ulitandikwa. Mashangazi walikuja mmoja mmoja, wakapitisha vidole kutoka kulia, wakisema mashallah, mashallah, na kila mmoja alipofika kwenye pindo la kushoto alisimamisha kidole, akamtazama mwenzake. Walishuku. Mmoja alinong'ona kwamba masikini Mize, mwishoni alipoteza mkono wake. Mwingine akasema si kazi yake hiyo, huyu mwanamume ametuletea mkeka wa kiwandani.

Kazija, hina bado haijakauka miguuni, aliwasikia. Akashika kile cheti cha Wizara kilichoshonwa kwenye kona, akakisoma kimya, kisha akakisoma kwa sauti mashangazi wasikie.

"Fundi: Mize binti Haji. Aina ya kosa: mume."

Alicheka mpaka akalazimika kushikiliwa asiharibu hina. Halafu akainama akapapasa lile jani la kijani kwa kidole kimoja, akamgeukia baba yake aliyesimama mlangoni na kanzu mpya, hajui aingie au atoke.

"Baba, kumbe unajua kusuka?"

"Sijui," alisema Pandu. "Muulize mama yako."

Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akaweka mkono mdomoni. Kazija alishika mkono wa baba yake, akamvuta ndani, akamkalisha juu ya mkeka, upande ule wa kushoto.